Daftari la Viuno

Wizara ya Maelewano Mema ilitangaza, kwa waraka wenye mihuri mitatu, kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi hakuna raia atakayeguswa kiholela. Atakayeguswa ataguswa kwa utaratibu. Waraka ulisomwa redioni mara nne kwa siku, ukabandikwa kwenye lifti, kwenye kantini na ndani ya milango ya vyoo, mahali ambapo mtumishi wa umma hupata utulivu wa kusoma.

Chanzo chake kilikuwa kidogo tu. Mheshimiwa Waziri alikwenda kufungua wodi mpya ya wazazi, na wimbo wa taifa ulipopigwa alimshika kiuno muuguzi aliyesimama kando yake. Beti zote tatu. Mtu mmoja akarekodi kwa simu, na nchi nzima ikamwona yule muuguzi amekaza macho mbele kama anayesubiri sindano. Wizara ilieleza kwamba ule ulikuwa mkono wa baba. Kesho yake wanawake watatu wakajitokeza kusema mkono huo wa baba wanaufahamu. Kufikia Ijumaa walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa amelalamika kwa barua miaka tisa iliyopita. Bunge likataka taarifa ndani ya siku thelathini: nani anaguswa, wapi, na kwa nini.

Aliyeipokea barua ya Bunge, akaipiga mhuri na kuifungulia faili, alikuwa karani mkuu wa masjala, ambaye wizara nzima ilimwita Mama Faili. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, miwani iliyofungwa kwa uzi, na mwandiko ulionyooka kama watoto wa shule waliopangwa mstari. Aliitunza masjala miaka kumi na tisa kwa kanuni tatu alizozikuta zimebandikwa ukutani: kinachoonekana kinaandikwa, kilichoandikwa hakifutwi, nakala inakwenda inakotakiwa. Nyingine zote alimwachia Mungu.

Mkono wa baba ulikuwa umeshamfikia na yeye. Miezi miwili nyuma Mheshimiwa aliingia masjala kutafuta faili mwenyewe, jambo ambalo mawaziri hawalifanyi, akamzungushia mkono kiunoni. Mama Faili aliushika ule mkono kwa vidole viwili akaurudisha juu ya meza.

"Umesahau kitu chako, Mheshimiwa," alisema.

Wiki iliyofuata ikachapwa barua ya kumhamishia Ghala la Kumbukumbu za Kale, mwendo wa siku mbili kwa basi, kwa sababu ya upungufu wa moyo wa ushirikiano. Barua ilikuwa na mhuri, ikisubiri saini tu. Ilikaa kwenye trei ya Mkurugenzi wa Itifaki. Mama Faili alijua, maana ni yeye aliyeipa namba.

Nyumbani alikuwa na mama yake, mwenye miaka themanini na mmoja, asiyeona tena. Mama huyo alitoka kitandani hadi barazani kwa kuhesabu hatua, na hatua zilikuwa kumi na nne. Hakuwa na mtu mwingine wa kuachiwa, na katika nyumba nyingine yoyote hatua zake zisingemfikisha popote.

Kamati Maalumu ya Mguso wa Kiserikali iliundwa mara moja. Ilikuwa na wajumbe tisa, wote wanaume, kwani ilionekana kwamba wanawake, wakiwa ndio wenye viuno, wangeweza kuleta hisia. Ili kuielewa mada, wajumbe waliazima sanamu la kuvalishia nguo kwa fundi cherehani wa jirani, wakalisimamisha juu ya meza ya mikutano na kulizunguka na rula. Siku ya kwanza walikubaliana bega linapoanzia. Siku ya pili walikubaliana linapoishia. Siku ya tatu walifika kiunoni, wakaomba muda wa ziada.

Siku ya nne Mheshimiwa mwenyewe alikuja. Alikuwa mtu wa kicheko kikubwa na manukato yanayotangulia mlangoni. Wanawake wa wizara walimwita Pweza, lakini si mbele yake.

"Mimi simbagui mtu," alisema. "Mwanamke namgusa, mwanamume namgusa. Ni upendo tu. Ninyi si mnanijua?"

"Tunakujua, Mheshimiwa," walisema wajumbe, wakitazama karatasi zao.

"Basi lithibitisheni hilo Bungeni."

Hapo ndipo lilipozaliwa Daftari la Mguso. Mkurugenzi wa Itifaki, bwana mwembamba aliyefunga vifungo vyote hata wakati wa joto, alilibuni kwa kunakili daftari la barua zinazotoka, kwa sababu hilo lilikuwa na mistari mizuri. Kila mguso wa Mheshimiwa ungeingizwa humo: tarehe, mguswa, jinsia, cheo, sehemu, sekunde, na maneno yaliyosemwa. Kwa kuwa lilinakiliwa lilivyo, lilikuja na kanuni zake zote. Kanuni ya nne ilisema kilichoandikwa hakifutwi. Kanuni ya sita ilisema nakala nyeupe inakwenda Bungeni kila Ijumaa saa nne. Mkurugenzi alitia saini chini ya zote bila kuzisoma, kama inavyostahili kiongozi mwenye imani na maandishi yake.

Kisha akamwita Mama Faili ofisini.

"Hii kazi inataka mtu makini."

"Nipo, Mkurugenzi."

"Utamfuata Mheshimiwa kila aendako. Utaandika. Ukiandika vizuri," alivuta trei, akaigonga ile barua kwa ukucha, "karatasi hii inaweza kulala humu mpaka ikasahau ilikuwa inakwenda wapi."

"Na nisipoandika vizuri?"

"Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nasikia viti vya mbele havirushi sana."

Jioni Mama Faili alimweleza mama yake, akimmenyea chungwa.

"Wanataka niandike vizuri."

"Si ndiyo kazi yako?"

"Wana vizuri vyao, mama."

Mzee alitafuna taratibu. "Macho yangu yamekwisha, mwanangu, lakini yako yapo. Huyo pweza wenu ana mikono mingapi?"

"Miwili."

"Basi haiwezi kukushinda kuhesabu."

"Wakinihamisha je?"

"Utaniambia mlango uko upande gani, nitaanza kuhesabu upya. Mungu yuko na huko, nadhani. Nipe chungwa."

Asubuhi Mama Faili aliomba alivyoomba kila siku kabla ya kufungua masjala: Mungu ampe uvumilivu. Safari hii aliongeza kwamba kama uvumilivu umepungua huko ghalani Kwake, basi wino utamtosha.

Ijumaa ya kwanza Mkurugenzi alilifungua daftari akiwa amesimama. Akatafuta kiti.

Wanaume walioguswa walikuwa tisa, wote kiganjani, sekunde moja moja, kwa maneno "habari za kazi". Wanawake walikuwa sitini na wanne. Kiganjani, sita. Begani, kumi na tisa. Mgongoni, kumi na watatu. Kiunoni, ishirini na sita, na mmoja kati yao alikuwa balozi. Maneno "umependeza leo" yalijitokeza mara arobaini. Mara moja yalisemwa kwa lile sanamu la fundi, lakini Mama Faili hakuliingiza, kwa kuwa halikuwa na cheo.

"Futa," Mkurugenzi alisema.

"Hakifutwi. Kanuni ya nne. Saini yako hii hapa."

"Nakala nyeupe iko wapi?"

"Imetoka na mkoba wa Bunge saa nne."

Mkurugenzi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Kamati ilikaa kwa dharura na kutoka na busara. Kilichoandikwa hakifutwi, lakini kinaweza kusawazishwa. Kama Mheshimiwa alishika viuno ishirini na sita vya kike, basi ashike ishirini na sita vya kiume, kwa sekunde zilezile na maneno yaleyale, cheo kwa cheo, kabla ya siku ya thelathini. Taifa lingeona wazi kwamba hana ubaguzi. Mheshimiwa aliombwa pia asiongeze upande wa kike. Aliahidi kujitahidi, akaongeza vinne tu, na Kamati ikampongeza kwa barua.

Viuno thelathini vya kiume si kazi ya mchezo. Wa kwanza alikuwa dereva, aliyekuja na kofia mkononi wakati Mama Faili akishuka kwenye gari la pili la msafara.

"Mama Faili, nimeshikwa."

"Wapi?"

"Kiunoni. Kwenye taa nyekundu."

"Sekunde ngapi?"

"Taa yote, mama. Halafu akaniambia nimependeza."

"Ulikuwa umevaa nini?"

Dereva alijitazama. "Sare. Mimi dereva nivae nini?"

"Huenda inabana."

"Mama Faili, na wewe."

"Sisi wanawake ndivyo tunavyoulizwa," alisema, akaandika.

Baada ya wiki wizara ilibadilika. Mlinzi wa getini alivaa koti la mvua jua likiwaka. Mhasibu alianza kupanda ngazi za nyuma, ghorofa sita. Mzee wa ufundi, mtu aliyewahi kushikwa na umeme akamaliza kazi, alikutwa amejificha nyuma ya jenereta. Hatimaye wakajikusanya, watu saba wazima, wakaenda kwa mhudumu wa mapokezi. Huyu alikuwa binti wa miaka ishirini na minne aliyezoea kuongea akitazama mlango.

"Dada, ninyi mlikuwa mnafanyaje?" aliuliza mlinzi.

Binti aliweka simu chini. "Kwanza, usitembee mikono mitupu. Beba faili. Faili kubwa, kifuani."

Wakaandika.

"Pili, ukimsikia anakohoa kwenye korido, unakumbuka kitu ulikotoka. Tatu, usisimame pembeni. Pembeni ndiko anakopendea. Nne, akisema umependeza, unacheka. Unacheka kidogo, usicheke sana. Ukicheka sana umemkaribisha. Usipocheka una kiburi."

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza mhasibu.

Binti akawaonyesha. Walijaribu wote saba pamoja, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kutia huruma.

"Na ukishafanya yote hayo anakuacha?"

"Hapana," alisema binti, akainua simu. "Mapokezi, habari za asubuhi."

Namba ishirini na mbili alikuwa Mkurugenzi wa Itifaki mwenyewe. Ilitokea ndani ya lifti, kati ya ghorofa ya kwanza na ya sita, na lifti ya wizara haikuwa na haraka. Alikuja masjala kifungo cha juu kimefunguka.

"Nataka kulalamika," alisema kwa sauti ya chini.

"Malalamiko yanapelekwa kwa mwenyekiti wa Kamati."

"Mwenyekiti ni mimi."

"Ndiyo."

Alijaza fomu hata hivyo, maana alikuwa mtu wa fomu. Mama Faili aliipiga mhuri, akafungua droo na kumpa jibu lilelile walilopewa wanawake wote waliomtangulia, lililochapwa tayari na kutiwa saini yake: malalamiko yako yamepokelewa, huenda hukuuelewa upendo wa kikazi, tunakutakia siku njema. Mkurugenzi alilisoma mara mbili.

"Nani aliandika upuuzi huu?"

Mama Faili alimwonyesha saini kwa ncha ya kalamu.

Siku ya thelathini ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Mguso katika ukumbi mkubwa, kamera zikiwa tayari na mgeni rasmi akiwa Mkuu wa Nchi mwenyewe. Taarifa ya mwisho ilitakiwa kupelekwa Bungeni saa nane. Nyuma ya pazia la jukwaa Mkurugenzi alimvuta Mama Faili kando, kisha akakumbuka, akamwachia mkono haraka.

"Vimebaki vingapi?"

"Kimoja. Cha balozi."

"Mshike yeyote aje ashikwe."

"Cheo kwa cheo, Mkurugenzi. Kiuno cha balozi hakisawazishwi kwa kiuno cha mpiga tarumbeta. Ni kanuni yenu. Anatakiwa wa cheo hicho au zaidi."

"Mawaziri wenzake?"

"Wote wameomba udhuru. Wengine wana safari, wawili wanaumwa mgongo."

"Hapa yupo nani?"

Mama Faili alisogeza miwani, akachungulia pembeni ya pazia. "Bendi, walinzi, wewe, na Mkuu wa Nchi."

"Mimi nimeshashikwa."

"Ndiyo. Uko namba ishirini na mbili."

Mkurugenzi alifuta jasho. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa ile barua ya uhamisho, na kalamu.

"Andika kwamba ameshika kiuno cha waziri yeyote. Sekunde kumi. Umependeza leo. Nani atajua? Ukiandika, naichana barua hii mbele yako. Usipoandika, naitia saini sasa hivi."

Nje watu walikuwa wanapiga makofi. Mama Faili alifikiria hatua kumi na nne kutoka kitandani hadi barazani. Aliona mkono wa mama yake ukipapasa ukuta usioujua, katika mji ambao hakuna atakayemwambia leo kuna jua. Midomo yake ilicheza kidogo, maana alikuwa anazungumza na Mwenye masjala kubwa zaidi. Kisha akafunga kalamu.

"Sijaona, wala hakuna aliyekuja kusema ameshikwa," alisema. "Kinachoonekana ndicho kinachoandikwa."

Mkurugenzi aliiegemeza barua kwenye spika ya muziki akaitia saini. Herufi zilitetemeka kwa sababu bendi ilikuwa inajaribu ngoma.

"Jumatatu," alisema. "Saa kumi na mbili."

"Kuna nini hapa?" Manukato yalifika kwanza, kisha Mheshimiwa mwenyewe, amevaa suti mpya. Mkurugenzi alimweleza kwa kigugumizi kwamba umebaki mguso mmoja, wa mtu mkubwa, na kwamba kwa bahati mbaya haiwezekani.

"Mmoja tu?" Mheshimiwa alicheka. "Mbona jambo dogo. Mkuu ni mtu wa watu. Na mimi, mnavyonijua, sina ubaguzi."

"Mheshimiwa, labda tutafakari."

"Kwani kuna ubaya gani? Si ni upendo?"

Swali hilo Kamati ilikuwa imekwisha kulijibu katika kurasa arobaini, kwamba hakuna ubaya wowote, na Mkurugenzi ndiye aliyeziandika.

Wimbo wa taifa ukaanza. Mheshimiwa alisimama kando ya Mkuu wa Nchi, akauzungusha mkono wake, akaukaza. Beti ya kwanza ikapita. Mlinzi wa Mkuu alipiga hatua, akasita, kwa sababu waraka ulikuwa umebandikwa nyuma ya mgongo wake na ulisema mguso huu ni halali. Beti ya pili ikapita. Kidole gumba kilianza kupapasa kidogo. Katika beti ya tatu Mheshimiwa aliinama sikioni, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Umependeza leo," nchi nzima ilisikia. "Mbona umekakamaa? Tabasamu basi."

Mkuu wa Nchi alikuwa amekaza macho mbele kama anayesubiri sindano.

Mama Faili aliandika akiwa wima. Jinsia: me. Cheo: hakuna zaidi. Sehemu: kiuno. Sekunde: mia moja na hamsini. Saa nane kasoro dakika tano nakala nyeupe iliondoka na mkoba.

Ni haki kusema kwamba serikali ilichukua hatua bila kuchelewa. Saa tisa Bunge liliitwa. Saa tisa na nusu ilidhihirika, kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa, kwamba kiuno ni sehemu ya mwili wa mtu. Wabunge walisimama mmoja baada ya mwingine, wanaume wa makamo wenye sauti nzito, wakaeleza kwa uchungu jinsi jambo hilo linavyomfanya mtu ajisikie, na wengine walilia. Saa kumi kamili sheria ilipita bila kura moja ya kupinga: hakuna mtumishi wa umma kumgusa mtu asiyetaka. Barua ya yule mwanamke wa miaka tisa iliyopita ilitolewa kwenye faili, ikapigwa mhuri wa "imefanyiwa kazi", na mhuri ulipigwa na Mama Faili kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida.

Mheshimiwa hakufukuzwa. Mtu wa hadhi yake hafukuzwi, anapangiwa majukumu mengine. Ikatafutwa kazi ya mbali isiyokuwa na watu, na Mkurugenzi wa Itifaki akakumbuka kwamba anayo barua tayari, yenye namba, mhuri na saini. Haikufutwa kitu. Jina moja lilipigwa mstari kwa rula na jingine likaandikwa juu yake, kama kanuni inavyoruhusu. Hata sababu ilibaki ileile, upungufu wa moyo wa ushirikiano.

Jumatatu saa tano aliyekuwa Mheshimiwa aliingia masjala kusaini fomu ya makabidhiano. Basi la alfajiri lilikuwa limemwacha, maana hakuna aliyemwamsha. Alisimama mbele ya kaunta bila kujua foleni inaanzia wapi. Mlinzi, mhasibu na dereva, waliokuwa na shida zao, walimwonyesha nyuma kwa vidole.

Zamu yake ilipofika alitabasamu.

"Mama Faili, dada yangu. Ile nakala ya mwisho, haiwezi kupotea kidogo?"

"Iko Bungeni."

"Hata hii ya kwako?"

"Hakifutwi."

Alicheka kile kicheko chake, na kwa mazoea, bila ubaya wowote, mkono wake ukainuka juu ya kaunta ukielekea begani.

Mama Faili hakurudi nyuma. Alifungua daftari penye ukurasa mpya, akavua kifuniko cha kalamu, akaandika tarehe. Kisha akamtazama juu ya miwani.

"Nakusikiliza. Sehemu gani?"

Mkono ulibaki hewani. Nyuma yake foleni nzima ilikuwa imekumbatia mafaili vifuani. Taratibu ule mkono ulishuka, ukaingia mfukoni, na mwenzake ukaufuata upande wa pili.

Mama Faili alisubiri kidogo kuona kama umetulia. Halafu akaandika, kwa ule mwandiko wake ulionyooka: sehemu, mfuko wake mwenyewe. Maneno, hakuna. Muda, mpaka alipotoka nje.

"Anayefuata," alisema.